Mchoro wa Mji Wetu Tutauona Lini?
Wana-Iringa wenzangu, hivi huu mpango wa kuujenga upya mji wa zamani ni wa nani? Unaamka asubuhi, X nyekundu ukutani: nyumba ibomolewe. Barua hakuna, kikao hakuna. X! Ukiuliza, mchoro upo ofisini. Ukienda ofisini, mwenye funguo kasafiri. Ukirudi wiki ijayo, mchoro umebadilishwa!

Na mchoro wenyewe sasa: vioo chini hadi juu, mji wa baridi kama huu! Baraza ziko wapi? Mafundi cherehani watakaa wapi? Milango ya mbao eti chakavu. Mbona Boma la Wajerumani lilikarabatiwa, na tangu 2016 ni makumbusho, watoto wanajifunza habari za Mkwawa humo humo?

Warsaw, mji mkuu wa Poland, ilifanywa kifusi 1944. Wenyewe wakaujenga upya mji wao mkongwe wakitazama hata picha zilizochorwa karne ya 18, na 1980 UNESCO ikauingiza kwenye urithi wa dunia. Wao walibomolewa vitani. Sisi tuna vita gani?

Bandikeni huo mchoro Soko Kuu, mama muuza nyanya auone, aseme. Kesho, si mwakani!