K09.8: kapu la sisti za mdomoni, tulivunje au tuliache?

Ukifungua ICD-10, ule mfumo wa WHO wa kuyapa magonjwa namba, ukaenda kwenye K09 utakuta sisti za mdomo na taya, yaani vifuko vyenye majimaji au uji ndani. K09.0 ni zile zinazotokana na chembechembe za kutengeneza jino, K09.1 ni za ukuaji ila hazihusiani na jino, kama ile ya kwenye mfereji wa mbele ya kaakaa. Halafu kuna K09.8, "nyinginezo", na hapo ndo ubishi ulipo, kulivunja kapu hili kila sisti ipate namba yake au kuliacha, manake humo wamerundikwa wageni wote ambao daktari wa meno anaweza kufanya kazi miaka na miaka asiwaone.

Angalia wenyewe. Sisti ya dermoidi inakaa chini ya ulimi, inakua taratibu mpaka inausukuma ulimi juu na mtu anaanza kuongea kama ana kitu mdomoni, ukiipasua ndani kuna uji mzito kama jibini, na hiyo ni ya upasuaji tu. Ile ya nasolabiali iko kwenye nyama kati ya pua na mdomo wa juu, inainua bawa la pua upande mmoja. Nayo K09.8. Sasa na lulu za Epstein, vile vipele vyeupe kwenye kaakaa la mtoto mchanga vinavyopotea vyenyewe bila hata dawa, nazo K09.8! Yaani namba moja kwa kitu kinachoenda theatre na kitu ambacho mama anaambiwa tu asiwe na wasiwasi.

Wanaotetea kapu hili wana hoja na si ndogo. Namba haimtibu mtu, daktari anasoma ripoti ya patholojia, hasomi K09.8. Pia kazi ya ICD ni kuhesabu, na ukikata vipande vidogo sana kila kimoja kinabaki na wagonjwa wachache mno, halafu anayeingiza namba kwenye kompyuta mara nyingi si daktari, ukimpa chaguo kumi zinazofanana atachagua ya kwanza aliyoiona. Hili la mwisho mi nalikubali kabisa.

Lakini WHO wenyewe walishawahi kulivunja. Mwaka 1995 walitoa ICD-DA, toleo la meno na mdomo, wakaongeza tarakimu ya tano: dermoidi K09.80, epidermoidi K09.81, nasoalveola (ndo nasolabiali hiyohiyo) K09.84, limfoepithelia K09.85, na za watoto wachanga zikapewa zao. Kwa hiyo usiniambie haiwezekani. Toleo la Marekani, ICD-10-CM, lililoanza kutumika Oktoba 2015 na ambalo kwa magonjwa mengine lina tarakimu mpaka saba, hapa limeishia K09.8 basi.

Ila mi naona tunalaumu kapu kuliko inavyostahili. Dermoidi na nasolabiali ukizitoa vizuri huwa hazirudi, hivo hata zikichanganywa anayeumia zaidi ni mtafiti na labda bima inayorudisha madai ikitaka maelezo. Kinachonitia wasiwasi ni keratosisti, sisti ya taya ambayo wala haimo kwenye K09.8. Hii ngozi yake ya ndani ni nyembamba, seli kama sita mpaka nane tu, inaachana na ukuta kirahisi, ukiikwangua vipande vinabaki kwenye mfupa na miaka mingi baadae imerudi, ndo maana mgonjwa wake lazima afuatiliwe. Sasa mwaka 2005 WHO kwenye uainishaji wa uvimbe wakaiita tuma (tumor, uvimbe wa seli zinazoota, si kifuko tu), 2017 wakairudisha kuwa sisti. Misimbo, yaani hizi namba za ICD, haikwenda pamoja nao: ICD-10 ya WHO inaitaja K09.0, ile ya Marekani inaitoa hapo na kuipeleka D16.4 au D16.5, kwenye uvimbe usio saratani wa mifupa. Taya lilelile, ripoti ileile, ila nchi moja inahesabu sisti na nyingine inahesabu tuma, halafu mtu anakuja kulinganisha takwimu kama vile ni kitu kimoja.

Na kuna K09.9, "haikutajwa". Hii inaandikwa siku ya eksirei kabla kipande cha nyama hakijaenda maabara, sawa, wakati huo hakuna anayejua ni nini. Tatizo majibu yakirudi faili lilishafungwa na namba inabaki ileile. Tarakimu ya tano haisaidii kitu hapo, ungekuwa na misimbo mia bado ingesoma K09.9.

ICD-11, iliyoanza rasmi Januari 2022, imejaribu njia ya katikati, kila ugonjwa una kitambulisho chake ndani ya mfumo hata kama namba ya takwimu unachangia na wenzake. Kwa sisti za nadra naona hiyo inatosha, ilimradi kompyuta ya kliniki ihifadhi hicho kitambulisho na sio namba ya takwimu peke yake.