Chema chajiuza, lakini nani amekiona?

Kiswahili kina misemo miwili inayogombana. Wazee walituambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara nao wakaja na msemo wao: biashara matangazo. Siku hizi ugomvi huo umehamia kwenye maisha ya mtu mmoja mmoja. Kijana aliyemaliza chuo anaambiwa kwenye semina za ajira ajijengee chapa binafsi: apige picha nzuri ya wasifu, afungue ukurasa LinkedIn, mtandao wa mambo ya kazi, aandike kila wiki, ajulikane kwa jambo moja. Akirudi nyumbani anakumbushwa kwamba mtu mwenye adabu hajisifu. Pande zote mbili zinamtakia mema, na kila upande una ukweli ambao mwenzake hapendi kuutazama.

Wazo la chapa binafsi lina asili yake. Agosti 1997 Tom Peters, mwandishi wa mambo ya biashara wa Marekani, aliandika katika jarida la Fast Company kwamba kila mfanyakazi ajione mkurugenzi wa kampuni yake, na kampuni hiyo ni yeye mwenyewe. Hoja ilikuwa kwamba usiegemee tena jina la mwajiri, tengeneza lako. Huku kwetu walio wengi hawajawahi kuwa na jina la mwajiri la kuegemea. Fundi cherehani, fundi bomba, mama lishe, dereva wa bodaboda, wote wanaishi kwa majina yao tangu zamani. Mtu akisema "nenda kwa yule fundi wa pale kona, hachelewi," chapa imeshajengwa, na mwenyewe hakuwepo.

Mfano ninaourudia kila mjadala huu unapozuka ni wa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, katika familia ya watumwa, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Mama yake alifinyanga vyungu, binti akavitembeza kuviuza. Hapo methali ya wazee inapata shida kidogo: vyungu vizuri navyo vilitembezwa, kwa kuwa wanunuzi walikuwa mbali. Njiani aliimba, watu wakamjua kwa sauti kabla hajafika mlangoni. Mwaka 1911 akahamia mjini, akajifunza kuimba kwa ala, na mwaka 1928 akasafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri zilizokuja kusikika pwani nzima. Jina la Mtumwa lilikuwa limeshaachwa nyuma. Alikuwa Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Watetezi wa kujitangaza watasema: umeona? Angebaki Fumba, nani angemjua? Ni kweli kabisa, na mimi naikubali hoja hii kuliko ninavyopenda. "Chema chajiuza" inafanya kazi mahali ambapo wanunuzi wanapita na kukiona. Binti wa Kigoma au Mtwara asiye na mjomba wizarani, anayeshindana na mwenye koneksheni, akinyamaza kwa unyenyekevu anamwachia mwenzake uwanja. Aliyezaliwa kwenye ukoo unaojulikana haoni haja ya kujitangaza, kwa sababu alishatangazwa kabla hajajifunza kutembea. Ndiyo maana nikimsikia mtu mwenye nafasi akiwakemea vijana kwamba "wanapenda sana kujionyesha," huwa namuuliza yeye alipataje kazi yake ya kwanza.

Lakini tazama pia kilichokuwa kinatangazwa. Taarabu ya ikulu iliimbwa Kiarabu. Siti akaimba Kiswahili, na nyimbo zake zikabeba habari za Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida mjini Zanzibar: hukumu zisizo za haki, wanawake walioumizwa, wakubwa waliokula haki za wadogo. Alipokejeliwa kwa sura na asili yake, alijibu kwa wimbo. Watu walijisikia ndani ya kazi yake, wao wakalibeba jina. Hata Nyerere, aliyeacha kufundisha Pugu mwaka 1955, aliendelea kuitwa Mwalimu mpaka kaburini kwa sababu wananchi walilipenda jina hilo.

Kuna jambo ambalo semina hulipita haraka, nalo linawahusu wanawake. Kwenye usaili tunaambiwa "jiuze." Mtaani neno hilohilo, likisemwa juu ya mwanamke, ni tusi zito. Niliwahi kukaa na wenzangu kupitia maombi ya kazi, tukafungua kurasa za waombaji mitandaoni. Mwanamume mmoja alikuwa na picha nyingi akiwa jukwaani na kipaza sauti, wakasema anajiamini. Mwanamke mwenye picha za namna hiyohiyo akaulizwa, naye hayupo chumbani kujibu, "Huyu kazi atafanya saa ngapi?" Vyeti vyao vilikaribiana, na uzoefu pia. Sikusema kitu siku ile na inaniuma hadi leo. Tunapowapa wasichana ushauri uleule tunaowapa kaka zao, tunawaficha gharama ambayo wao peke yao wataidaiwa, halafu tunawashangaa wanapochagua kukaa kimya.

Upande wa lawama nao una uzito. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mitandao inasifia kila saa. Jina likishaanza kupendwa linataka kulishwa, na chakula chake ni muda ambao ungetumika kuijua kazi. Tunawaona vijana wanaojiita wataalamu wabobezi miezi mitatu baada ya mahafali. Bongo tumeshapata hata msamiati wake: kutafuta kiki, kuuza sura, uchawa. Hayo yanasameheka. Linalonitisha ni pale anayelishwa kwa jina hilo anapokuwa mtu mwingine. Mwalimu anamrekodi mwanafunzi wake akikosea kusoma ili video ichekeshe watu. Mhudumu wa afya anapiga picha na mgonjwa aliye kitandani, mgonjwa ambaye hana nguvu ya kusema hapana. Wafuasi wanaongezeka, na yule mtoto kesho anarudi darasani akiwa amechekwa na nchi nzima. Kwangu mimi huo ndio mpaka, na sioni hoja ya maendeleo ya kazi inayoweza kuuondoa.

Halafu tunaambiwa tujifunze "kusimamia" chapa, kana kwamba jina ni mali iliyo chini ya ufunguo wetu. Mwanariadha Eliud Kipchoge alilijenga lake kwa subira ambayo ni wachache wanaiweza. Bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 akiwa kijana mdogo. Akakosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London mwaka 2012. Akaanza upya kwenye marathoni mwaka 2013. Na tarehe 12 Oktoba 2019, kule Vienna, akakimbia masafa hayo kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, akiwa na ujumbe wake kwamba binadamu hana kikomo. Kisha Februari 2024 Kelvin Kiptum, Mkenya mwenzake aliyekuwa ameshavunja rekodi yake rasmi ya dunia ya marathoni, akafariki katika ajali ya gari. Watu mitandaoni wakamhusisha Kipchoge na kifo hicho bila ushahidi wowote, kwa matusi na vitisho, hadi yeye mwenyewe akaeleza hofu aliyokuwa nayo kwa familia yake. Miaka zaidi ya 20 ya mwenendo safi haikutosha kuwanyamazisha kwa wiki moja.

Na kiwanja chenyewe mara nyingi ni cha mtu mwingine. Waganda walifungiwa Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi. Tanzania mtandao wa X ulifungwa Mei 2025. Aliyekuwa ameweka wateja wake wote humo alilala na duka, akaamka hana mlango. Kwa anayeishi kwa kazi za mtandaoni, namba za simu za wateja zilizoandikwa kwenye daftari zina thamani kuliko wafuasi elfu kumi.

Mimi nasimama wapi? Naona kujitangaza ni haki, na kwa asiye na ndugu mkubwa ni karibu lazima. Ila nataka kazi itangulie na shahidi asimame karibu, mtu aliyenyeshewa na hiyo mvua anayoisifia. Mpwa wangu ni fundi umeme. Mwezi uliopita aliniletea maelezo yake ya wasifu nimrekebishie, yalikuwa yamejaa "mbobezi," "mbunifu" na "mwenye maono." Nikamwambia, futa, mwanangu. Andika nyumba tatu ulizofunga umeme, useme ulifanya nini katika kila moja, na uwaombe wenye nyumba ruhusa ya kutoa namba zao kwa atakayetaka kuuliza. Amefuta. Wenye nyumba wawili wamekubali. Wa tatu amesema swichi ya jikoni irekebishwe kwanza, na mpwa wangu anakwenda huko Jumamosi.