“Shukrani kwa Wote” Si Jina la Mtu

Kuna folda inatembea kwenye flashi za mafundi wa hapa Arusha, na imeshateremka mpaka Moshi. Ni themu ya rEFInd, programu inayokuuliza uanze na mfumo upi laptopu inapowaka: bango la Kibo alfajiri, aikoni zilizopambwa kwa shanga, na theme.conf, faili la mipangilio, ya mistari michache. Inapendeza, sibishi. Fundi akishapiga Linux pembeni ya Windows anaitupia kwenye EFI/refind, anaongeza mstari wa include kwenye refind.conf, mteja anawasha laptopu anatabasamu. Ndani mna faili moja la maelezo, lenye maneno haya tu: “Imetengenezwa Arusha. Shukrani kwa wote.”

Wote gani? Hata kwenye kundi la michango ya harusi, aliyetoa elfu ishirini anaandikwa jina, kiasi na tiki mbele yake. Mhazini ajaribu kuandika “shukrani kwa wote” aone kama hapatachimbika. Lakini mtu aliyekesha akichora aikoni ishirini za pikseli 128 kwa 128, huyo anatoshwa na “wote”.

Tuanze na yule pengwini wa aikoni ya Linux. Tux, ndilo jina lake, alichorwa na Larry Ewing mwaka 1996 kwa kutumia GIMP, programu huria ya kuchora, na sharti la Ewing ni hili: tumia, badilisha, ila umtaje yeye na GIMP mtu akiuliza. Akiuliza! Sharti jepesi kuliko hilo utalipata wapi? Haya, watu wanauliza, na faili la maelezo halina jibu. Ile nembo ya mzunguko ya Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, unaruhusiwa kuitumia kwa leseni ya LGPL toleo la 3 au ya CC BY-SA 3.0, chagua mwenyewe. Ukichagua ya pili, unataja mwenye kazi, unataja leseni, na unasema ulichobadilisha. Kuivisha shanga za bluu na nyeupe ni kubadilisha. Mstari mmoja ungetosha: “rangi zimebadilishwa, ukubwa umepunguzwa hadi 128”. Na kwa kuwa leseni yenyewe ni ya kushiriki kwa masharti yaleyale, aikoni mpya nayo inabaki chini ya leseni hiyo. Huwezi kuandika “hairuhusiwi kunakili” juu ya kitu ulichonakili, kama walivyofanya hawa kwenye mstari wa kwanza wa theme.conf.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba rEFInd yenyewe imewaonyesha njia. Fungua ukurasa wake wa About: juu kabisa yuko Christoph Pfisterer, aliyeandika rEFIt, kisha Roderick W. Smith, aliyeichukua rEFIt mwaka 2012 na kuigeuza rEFInd. Aliyerithi hakumfuta aliyemwachia. Ndani ya kifurushi mna CREDITS.txt ya waliochangia. Sasa themu yetu imefanya nini? Kwenye mstari wa showtools, unaochagua vitufe vya kuonyeshwa, imeacha shutdown na reboot peke yake, na kitufe cha About kimetoweka. Kila mtu ana uhuru na skrini yake, sawa. Ila kuficha majina ya wenye programu halafu ukaandika “Imetengenezwa Arusha” kunahitaji roho ngumu.

Nakubali, shingo upande, kwamba mara nyingi jina halifutwi kwa makusudi. Linapotea njiani, na njia zenyewe zinajulikana. Picha ya PNG ina nafasi ya kuhifadhi Author, Copyright na Source ndani yake. Endesha exiftool, programu ya kusoma taarifa hizo, juu ya faili utaziona kama zipo. Lakini mtu akipunguza ukubwa kwa programu ya ImageMagick akaweka chaguo la -strip, zimekwenda. Akisafisha picha ya SVG kwa programu ya SVGO bila kugusa mipangilio, metadata, yaani taarifa hizo, inaondolewa, kwa sababu ndivyo ilivyopangwa tangu mwanzo. Akiituma WhatsApp kama picha badala ya hati, inabanwa upya na taarifa zote zinabaki nyuma. Akipakua hazina ya git, programu inayotunza historia ya mafaili, kama zip, historia haiji nayo, na git log --follow haina cha kukuonyesha. Kisha anaingiza kila kitu kwa git add . na komiti, yaani rekodi, moja yenye jina lake. Kuanzia siku hiyo git inaapa kwamba kazi yote ni yake.

Ndiyo maana usiliamini jina lililo ndani ya picha. Weka maandishi pembeni yake. Utaratibu wa REUSE, wa kuandika leseni ya kila faili, unafanya hivi: pembeni ya os_debian.png unaweka os_debian.png.license, ndani mistari miwili, SPDX-FileCopyrightText yenye mwaka na jina, na SPDX-License-Identifier yenye CC-BY-SA-3.0. rEFInd inatafuta aikoni kwa majina yake, kwa hiyo faili hilo haliisumbui. Ukiona mafaili yanajaa, CREDITS.txt moja inakubalika mradi kila aikoni iwe na mstari wake: jina la faili, mchoraji, ilikotoka, leseni, kilichobadilishwa. Kisingizio cha nafasi sikipokei. Hata kwenye ESP, sehemu ya diski yenye mafaili ya kuwashia kompyuta, ya MB 100 ambayo Windows huitenga, maandishi hayo hayazidi kilobaiti chache, wakati bango peke yake linakula megabaiti. Na yote yawe kwenye folda yake, si ndani ya icons, kwa sababu refind-install, kisakinishi cha rEFInd, ikiendeshwa tena itaisukuma icons ya zamani kuwa icons-backup na themu yako itayeyuka.

Mwenzako akikupa aikoni kwa flashi, ziingize kwa git commit --author na jina lake. Mkichora pamoja, mwisho wa ujumbe weka Co-authored-by. Dakika moja.

Leseni zenye NC, yaani zisizoruhusu biashara: kama unauza laptopu ikiwa na themu ndani, unafanya biashara, achana nazo. Nembo za Windows na Apple ni alama za biashara, hapo hata ukimtaja mwenyewe hujapata ruhusa.

Limebaki bango. Picha ya kamera ya uwiano wa 3:2 ukiishusha hadi upana wa pikseli 1366 inabaki na kimo cha karibu 911. Skrini za laptopu nyingi za mitumba ni 1366 kwa 768, kwa hiyo pikseli 143 lazima zikatwe. Kileleni hukati, Kibo ndiyo sababu ya picha. Unakata chini, na wapiga picha wetu huandika jina wapi? Kona ya chini. Mlima ni wa Mungu, ila picha ina mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa haki ya kutajwa. Aliyeianzisha folda hii amtafute aliyepiga, amwombe, amwandike. Asipompata, alifute bango na mstari wake kwenye theme.conf. rEFInd itaweka la kwake, na laptopu itabuti vilevile.