Tuonyesheni Kabla Gundi Haijakauka

Katika picha zote wanazotuonyesha wajenzi wa treni za modeli, mimi huvutiwa zaidi na zile ambazo mwenyewe anaziombea radhi. Ubao mtupu uliochorwachorwa kwa penseli, nyaya zinaning'inia, reli zimeshikizwa kwa pini, pembeni kikombe cha chai kilichosahaulika. "Samahanini, bado pachafu," anaandika. Unapita mwezi, au mwaka, anarudi na picha nyingine: mlima umesimama, mto unang'aa, treni inachomoza kwenye handaki. Pongezi zinamwagika. Na mimi nampongeza, kisha napita zangu, kwa sababu hapo sina tena la kumuuliza, wala yeye hana tena la kubadilisha.

Kwa maoni yangu tunaona aibu mahali pasipo na aibu. Samaki hukunjwa angali mbichi, na meza ya reli nayo inapokea ushauri ikiwa mbao na pini. Gundi ikishakauka, kila neno la mkosoaji ni umbea tu, hata kama ni la kweli.

Kwa asiyeujua ulimwengu huu: kila mjenzi anachagua kipimo, na kipimo kikishachaguliwa kinatawala kila kitu, kuanzia kona ya reli mpaka urefu wa mwanasesere anayesubiri treni. Kinachotumika zaidi duniani ni HO. Humo kila kitu kimepunguzwa mara 87, na reli mbili zinaachana kwa milimita 16.5. N ni milimita 9. Mwaka 1972 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ikatoa Z, milimita 6.5 tu, mara 220, na kuna watu wanajenga kijiji kizima ndani ya mkoba wa ofisini.

Waingereza wana OO, na historia yake ingetosha kuwa hoja yangu yote. Injini za Uingereza ni nyembamba kuliko za Marekani na za bara la Ulaya. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, mota zilizokuwepo hazikuenea ndani ya bodi ya injini ya Kiingereza iliyopunguzwa mara 87. Watengenezaji wakaikuza bodi kidogo, ikawa imepunguzwa mara 76, lakini reli wakaiacha ile ile ya milimita 16.5. Sasa piga hesabu. Reli halisi ya milimita 1,435 ukiigawa kwa 76 na nukta zake unapata 18.83. Kwa hiyo treni ya OO inatembea juu ya reli ambayo, ikikuzwa kurudi kwenye ukubwa wa kweli, ina upana wa milimita 1,257 hivi, karibu sentimita 18 pungufu. Itazame kwa mbele: mtu mnene aliyesimama amebana miguu.

Mwanzoni kabisa hilo lingerekebishwa na fundi mmoja na tupa yake. Baada ya viwanda kuuza maelfu kwa maelfu, na watoto waliopewa zawadi zile kuwa wazee wenye makabati yaliyojaa, nani angethubutu? Waliokerwa wakajitenga. Wapo wa EM, wanaotumia 18.2. Wapo wa P4, wanaotaka 18.83 kamili, nao hujenga reli zao kwa mkono na kubadilisha magurudumu ya kila injini wanayonunua. Dukani Uingereza, OO bado ndiyo mfalme.

Hapo ndipo ninapowatetea watu ambao wengi hawawapendi, wale wa kuhesabu ribiti, yaani vile vichwa vidogo vya misumari inayounganisha mabati ya injini. Kila kundi lina wake. Unaonyesha injini uliyoihangaikia kwa miezi, yeye anakwambia tangi la maji lina ribiti pungufu, tena rangi hiyo ilianza kutumika baada ya mwaka unaodai kuuigiza. Inauma. Lakini mtu huyo huyo ukimpa mchoro wako siku ya kwanza ni hazina. Atakuonyesha kwamba kona uliyoichora ni kali mno kwa mabehewa marefu, kwamba mteremko wako utaishinda injini, kwamba umeweka pointi, ile reli ya kugeuzia njia, chini ya daraja mahali ambapo mkono hautafika treni ikianguka. Ubaya wa wakosoaji wengi ni saa wanayofika, na saa hiyo sisi ndio tunaowapangia, kwa kuwaficha kazi mpaka iishe.

Nitoe mfano mdogo wa mchangani, maana ndiko ninakofurahia zaidi. Wengi wetu huku hatununui udongo wa pakiti kutoka Ulaya, na hata nyasi zao za nailoni, zile zinazosimamishwa kwa umeme tuli, ni za kijani mno. Jaribu kuzitandaza kwenye meza inayoigiza Dodoma mwezi wa Septemba uone. Kwa hiyo tunachota udongo wenyewe. Unaukausha, unauchekecha kwenye soksi ya nailoni ya kike ubaki unga, unaukaanga kwenye sufuria kuukuu ili wadudu wafe. Watu wengi huishia hapo. Hatua inayofuata ni kuupitishia sumaku. Udongo wetu mwekundu una chuma, na vipunje vyake vikiachwa kando ya reli vitarukia sumaku iliyomo ndani ya mota ya injini, kisha utaanza kushangaa kwa nini treni inakwaruza na kusimama. Jambo kama hili haliwezi kuonekana kwenye picha ya meza iliyokamilika. Linaonekana kwenye picha ya sahani ya udongo na sumaku iliyoota ndevu nyeusi.

Vivyo hivyo kokoto. Picha ya mwisho inakuonyesha kokoto zimelala vizuri kati ya mataruma. Haikuambii kwamba gundi nyeupe ya seremala ilizimuliwa kwa maji na kutiwa tone la sabuni ya kuoshea vyombo, na kwamba bila lile tone gundi hukaa juu kama shanga, inaviringika na kuvuta kokoto zote. Haikuambii mwenyewe alilowesha kwanza kwa kinyunyizio. Na wanaoishi Tanga au Mombasa wana sura nzima ya mambo ambayo vitabu vya Wazungu havina: ubao unaovimba masika, chuma kinachoota kutu ndani ya wiki (nunua reli za aloi ya nikeli), na mchwa, ambao hawajali kama mbao zako ni za kitanda au za stesheni ya Korogwe. Tuwekee picha ya ubao ulioliwa na mchwa, utasaidia watu kuliko kwa picha kumi za machweo.

Na chini ya meza je? Sehemu ile hakuna anayeipiga picha ila fundi umeme. Tech Model Railroad Club, klabu ya wanafunzi wa chuo cha MIT kule Marekani, ilianza mwaka 1946, na tangu zamani ilikuwa na watu wa aina mbili: waliopenda kupaka rangi mabehewa na kujenga milima, na waliokuwa chini ya meza na swichi za simu walizozipata hapa na pale, wakiunganisha mfumo wa kuongoza treni. Wa chini ya meza ndio walioingia kwenye kompyuta za chuo zilipowasili. Mmoja wa wanachama wa klabu hiyo, Steve Russell, ndiye kinara wa walioandika Spacewar mwaka 1962, miongoni mwa michezo ya kwanza kabisa ya kompyuta. Sisemi kila mwenye treni za modeli atakuwa mwanaprogramu. Nasema nyaya nazo ni kazi, na kijana anayetazama picha za milima peke yake anaondoka akidhani hobi hii ni ya warembaji.

Sababu yangu kubwa kuliko zote ni John Allen. Mmarekani huyu aliishi Monterey, California, na chini ya nyumba yake alijenga reli ya HO aliyoiita Gorre & Daphetid, milima kutoka sakafuni mpaka juu kabisa, madaraja yanayopita juu ya njia ya kutembelea. Kabla yake mabehewa mengi ya modeli yalikuwa yaking'aa kama yametoka kiwandani asubuhi ile. Allen ni mmoja wa waliowafundisha wenzao kupaka masizi, kutu na vumbi, na leo hakuna anayejiona amemaliza behewa bila kulichafua. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye nyumba iliwaka moto, reli ikateketea. Kilichobaki ni alichokuwa akikionyesha akiwa hai: picha alizopiga mwenyewe, alikuwa mpiga picha hodari, na makala alizowaandikia wenzake tangu miaka ya 1940. Kama angesubiri mpaka amalize, tusingekuwa na kitu, maana hakuwa amemaliza.

Upo mfano wa furaha zaidi pia. Roye England, Mwaustralia aliyehamia Uingereza mwaka 1925, alikuta nyumba za zamani za vijijini zinabomolewa na mapaa ya nyasi yanang'olewa. Akaanza kuzipima na kuzijenga kwa udogo. Kazi hiyo leo ni Pendon Museum, katika kijiji cha Long Wittenham, Oxfordshire. Ina bonde zima la miaka ya 1930, na bado wanaendelea kulijenga huku wageni wakitazama. Nyumba moja hapo inaweza kumchukua mtu miaka. Vipimo vyake alivyokusanya vilikuja kuwa na thamani sawa na modeli zenyewe, kwa sababu nyumba nyingine hazipo tena.

Hapo nafika kwetu, ambako jambo hili lina haraka. Tanzania ina geji tatu zinazotumika, yaani upana kati ya reli na reli: reli ya mita ya Reli ya Kati na ya Tanga, TAZARA ya kwenda Zambia yenye milimita 1,067, na SGR ya 1,435 iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Nchi chache zitampa mjenzi utajiri wa namna hiyo ndani ya mipaka yake. SGR ni rahisi, kwani 1,435 gawanya kwa 87 ni 16.5, HO tupu. Kwa reli ya mita, kampuni ya Bemo ya Ujerumani inatengeneza treni za Uswisi zinazotembea juu ya reli ya milimita 12, na Peco wa Uingereza wanauza reli yenyewe. Chasisi unapata. Bodi ya behewa la kwetu utaijenga wewe, na ili uijenge unahitaji vipimo.

Vipimo viko wapi? Nenda Makumbusho ya Reli Nairobi uone injini ya mvuke aina ya Garratt namba 5918, Mount Gelai, iliyopewa jina la mlima wetu wa kule Ziwa Natron. Beyer Peacock wa Manchester walizijenga 34 za kundi hilo, liitwalo 59, katikati ya miaka ya 1950, tani 250 na ushei kila moja, na hakuna injini za mvuke za reli ya mita zilizozizidi nguvu. Kwa HO inatoka zaidi ya sentimita 35. Muundo wake unamfaa mtu wa meza ndogo: bwela, tangi la kuchemshia maji, limening'inizwa kati ya mitambo miwili inayojipinda kila mmoja kivyake, kwa hiyo inakata kona ambayo injini nyingine ya urefu huo ingeigomea. Anayekwenda na utepe wa kupimia, akachora hata banda la dereva tu na kutuonyesha karatasi yake yenye madoa, kwangu amefanya kazi kubwa kuliko aliyeagiza modeli ya dukani. Vibanda vya walinzi wa makutano, matangi ya maji ya stesheni ndogo, mabango ya majina: hivi vinaondoka kimya kimya, na bado sijaona aliyevipima.

Mimi kwa sasa nipo Kidatu. Ya mezani, namaanisha. Kidatu, mkoani Morogoro, ndipo reli ya mita inayotoka Kilosa inapokutana na TAZARA, na kwa kuwa geji hazifanani, mzigo lazima uhamishwe kutoka behewa hadi behewa. Tofauti ni milimita 67. Ukizipunguza mara 87 zinakuwa pungufu ya milimita moja, jicho haliwezi kuiona. Reli ya dukani ya milimita 12 inawakilisha 1,044, yaani imekaa katikati, pana kidogo kwa hawa na nyembamba kidogo kwa wale. Nikiitumia pande zote mbili, behewa la Kigoma litateleza moja kwa moja mpaka Mbeya, na Kidatu yote inakosa maana. Nikijenga kwa mkono 11.5 upande mmoja na 12.3 upande wa pili, nitabadilisha magurudumu ya kila kitu nilicho nacho.

Ninaelekea kutumia 12 kote, lakini njia zisiungane: kila upande ukomee kwenye kizuizi chake, jukwaa la kuhamishia mizigo likae katikati, na treni ya mita isipate pa kupitia. Wa P4 watanicheka. Wacheke sasa, mataruma bado yako kwenye pini. Na kama kuna msomaji anayeishi jirani na Kidatu na ana njia halali ya kufika pale, ningeomba kimo cha jukwaa kutoka usawa wa reli, kila upande, na picha ya sakafu yake. Picha iwe mbaya tu, haina shida.