X11 au Wayland: nani anaruhusiwa kuchungulia kibodi?

Steshenari moja ya Nyegezi, Mwanza, jirani na wanafunzi, ina kompyuta sita za mtumba. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, mwenye duka alizihamishia Linux yenye KDE Plasma (sura ya menyu na madirisha unayoyaona kwenye skrini), kwani kwa umri wake hazikuwa na sifa za Windows 11. Mambo yakaenda vizuri, hadi alipogundua kwamba kabla ya kuingia anaweza kuchagua X11 au Wayland, njia mbili ambazo programu huzitumia kuchora madirisha kwenye skrini na kupokea vitufe vya kibodi. Akanipigia simu: "Kaka, nichague ipi?"

X ilizaliwa MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 1984, na toleo lake la 11, yaani X11, lilitoka 1987. Wayland ilianzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008. Wapo wanaolichukulia suala hili kama vijana kuwadharau wazee, lakini wengi wa walioijenga Wayland ndio haohao waliokuwa wakiitunza X.Org, programu inayoiendesha X11 kwenye Linux. Wanazijua nyufa zake kwa sababu wameishi ndani yake.

Ufa mkubwa unaonekana kwa jaribio la dakika moja. Ukiwa ndani ya X11, fungua dirisha la amri, endesha amri ya xinput, inayosoma vifaa kama kibodi na kipanya, ikiwa imeelekezwa kwenye kibodi, kisha nenda kwenye kivinjari uandike nywila yako. Namba za kila kitufe unachobonyeza zitakuwa zinamwagika kule kwenye dirisha la amri. Hakuna udukuzi hapo. Ndivyo X ilivyoundwa, enzi ambazo programu zilizokuwa kwenye skrini moja ziliaminiana. Kwenye Wayland kila programu hupata vitufe vya dirisha lake tu, na ikitaka kupiga picha ya skrini nzima inapaswa kuomba. Kwa duka ambalo wanafunzi wanaingia kwenye barua pepe na akaunti za mkopo kutwa nzima, hoja hii kwangu inazidi nyingine zote, hata ile ya picha kuteleza bila kukatika.

Tusiipambe kupita kiasi, hata hivyo. Wayland haizuii kiongezi kibaya kilichowekwa ndani ya kivinjari, wala kifaa kilichochomekwa kati ya kibodi na kompyuta. Na mteja akisahau kutoka kwenye akaunti yake, shauri yake.

Upande wa X11 nao una uzito, na mimi ndiye ninayeubeba. Nakaa Kirumba, mtaa mwingine wa Mwanza. Kompyuta ya Nyegezi ikisumbua jioni, sitaki kupanda daladala kwenda kubofya mara tatu. Kwa X11 naingia nikiwa mbali, hata kama hakuna aliyeketi mbele ya mashine. Kwa ssh, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, naweza kuleta kwangu dirisha la programu moja tu. Wayland kwa kawaida humtaka mtu aliye pale abonyeze kukubali kwanza. Ipo waypipe kwa kazi ya dirisha moja, ila ni zana ya pembeni. Zaidi ya hayo, Wayland ni kanuni za mawasiliano tu: kila mradi hujiandikia programu yake ya kuzitekeleza. KDE wana KWin, GNOME (washindani wao) wana Mutter, na kinachofanya kazi huku huenda kule bado.

Kisha kuna kadi za picha za zamani. NVIDIA walianza kuunga mkono GBM, njia ambayo Wayland ya leo inaitegemea, kwenye toleo la 495 la draiva yao (programu inayoiendesha kadi) mwaka 2021. Kadi iliyoishia kwenye draiva za 390 haina bahati hiyo.

Kalenda nayo inasukuma. Red Hat Enterprise Linux 10, Linux ya makampuni, imeiondoa seva ya Xorg, na GNOME 49 imezima kikao cha X11 kwa chaguo-msingi. KDE wametangaza kwamba Plasma 6.8 itakuwa ya Wayland pekee. Anayeipenda X11 bado ana mbadala wa Plasma, yaani Cinnamon ya Linux Mint na Xfce, na programu kongwe zitaendelea kufunguka ndani ya Wayland kupitia XWayland, daraja la programu za X11. Kwa hiyo hakuna haja ya kukimbia, ila kuhamia X11 leo ukiwa unaanza upya ni kupanga nyumba ambayo mwenye nyumba ameshatoa notisi.

Nilimjibu hivi: tano za wateja ziwe Wayland. Ile ya kaunta, yenye kadi kongwe, ibaki X11. Mteja haigusi, na ndiyo ninayoingia kutoka mbali kuangalia printa. Kadi ikifa, nayo itahama.