Tumwite Mwalimu, si Mtu wa Punda

Siku tuliyomzika Ami, baada ya sala ya alasiri, nilimsikia kijana mmoja akimuuliza mwenzake marehemu alikuwa nani, naye akajibiwa kwa maneno manne: "Alikuwa mtu wa punda." Jibu hilo halikuwa la dharau, kwani aliyelitoa alikuja mazikoni na kubeba jeneza kama sisi sote. Hata hivyo limenikaa rohoni hadi leo, kwa sababu mzee yule alikuwa mwalimu wangu, na mwalimu wa vijana wengi wa mtaa wetu wa Langoni walionitangulia na walionifuata, na naona si haki mji wa Lamu kumpa heshima ya ualimu kila aliyeshika chaki na kumnyima yule aliyeshika kamba ya punda.

Msomaji wa mbali aelewe kwanza kwamba punda kwetu si mnyama wa pembeni. Mitaa ya mji wa kale, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ni myembamba kiasi kwamba punda wawili wenye shogi, ile mifuko ya mizigo inayoning'inia ubavuni, zilizojaa wakikutana, mmoja hana budi kusubiri. Mchanga, saruji, mawe ya matumbawe, magunia ya unga na hata taka za majumbani, vyote hupita juu ya migongo ya punda. Mtoto wa kiume hapa hujifunza kupanda punda kama anavyojifunza kuogelea, kwa kuwaiga wakubwa na kwa kuumia, na walio wengi hawapati mtu wa kuwaelekeza. Sisi tulimpata Ami. Hakuwa ndugu wa baba yangu kwa nasaba, lakini hakuna mtoto aliyethubutu kumwita kwa jina lake.

Siku za mwanzo hakumruhusu mtu kupanda. Alitukusanya pwani baada ya sala ya alfajiri, maji yakiwa yametoka, akatuamuru tutazame masikio ya punda na kumweleza tulichokiona. Kisha akatufundisha jambo ambalo nalifanya mpaka leo bila kufikiri: kupitisha kiganja mgongoni mwa mnyama, kuanzia mabegani hadi kiunoni, polepole, bila kubonyeza, na kusimama mahali ngozi inapotetemeka. Hapo pana maumivu, hata kama manyoya yamelala vizuri na jicho halioni kitu. Mkono wa Ami ulikuwa mgumu kama gome la mkoko kwa kazi za miaka mingi, nao ulipita juu ya mgongo ule kwa wepesi wa mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Aliyeshindwa kulipata pahali pa maumivu hakupanda siku hiyo.

Alipotupandisha, alitupandisha bila tandiko. Alitutaka tukae nyuma kidogo, tulegeze magoti na kuiacha kamba ilegee, kwa hoja kwamba anayeng'ang'ania mdomo wa mnyama amekwisha kukiri kwamba mwili wake haujui kukaa. Punda aliposimama ghafla kichochoroni na watu wakaanza kusema kwamba ni mkaidi, Ami alitueleza tofauti ambayo baadaye nimeikuta pia katika maelezo ya madaktari wa mifugo: farasi akiogopa hukimbia, lakini punda akiogopa mara nyingi husimama palepale ili apime hatari iliyo mbele yake. Kumpiga wakati huo ni kumwadhibu kwa sababu ametumia akili.

Kwa sababu hiyo hakupenda methali zetu mbili maarufu. Anayesema kwamba asante ya punda ni mateke, Ami alimtaka aeleze kwanza ni hisani gani aliyotendewa mnyama huyo hata adaiwe shukrani. Ama ile ya punda afe mzigo wa bwana ufike, ilikuwa marufuku uani kwake. Mimi ninayezipenda methali kama watu wote wa pwani nakubaliana naye kabisa katika hili, maana nimewaona watu wazima wakiitaja hiyo ya pili huku wakipakia mfuko wa pili wa saruji. Mfuko mmoja una kilo 50, na kilo 50 ndicho kiasi ambacho The Donkey Sanctuary, shirika la Uingereza lililofungua kituo cha matibabu ya punda hapa Lamu mwaka 1987, hukitaja kuwa kikomo cha mzigo juu ya mgongo wa punda mzima mwenye afya. Ami hakuhitaji kuelezwa hesabu hiyo. Alipakia mfuko mmoja, akaenda safari mbili, na akavumilia lawama za mafundi waliomwona mvivu.

Mimi nilimkosea mara moja, na kosa lenyewe ndilo lililonifunza zaidi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mbio za punda zimekaribia, na katika mazoezi nilificha kifimbo ndani ya mkono wa shati. Tulishinda. Jioni Ami alipitisha kiganja chake, akasimama kiunoni mwa punda, akanitazama bila kusema neno. Nilikuwa nimemchubua. Kwa siku nyingi zilizofuata aliniita kila magharibi nikamwoshe kwa maji vuguvugu ya chumvi, mpaka kidonda kikafunga na manyoya yakarudi. Yalirudi meupe. Punda yule alikuwa wa kijivu, na doa lile jeupe lilikaa pale miaka yote niliyoendelea kukutana naye mitaani, likijulikana na mimi, na Ami, na yeye mwenyewe.

Sasa niseme wazi ninachokitaka. Mbio za punda wakati wa Maulidi na tamasha la utamaduni huvuta wageni na kutupa fahari, nami nazipenda kuliko mchezo wowote. Lakini kijana hushangiliwa, mwenye punda husifiwa, na mzee aliyemfundisha kijana huyo kukaa hasimamishwi hata mara moja mbele ya watu. Wazee wa namna hiyo wanapungua, pikipiki zimeingia kisiwani, na kijana anayejifunza peke yake hujifunza fimbo kwanza kwa kuwa ndiyo rahisi. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Ikiwa bara zima limemwona punda kuwa anastahili kulindwa, sioni kwa nini sisi tunaoishi naye mlango kwa mlango tushindwe kumlinda dhidi ya fimbo katika mbio zetu wenyewe.

Naomba kila kijana anayeandikishwa atajwe pamoja na mwalimu wake, na jina la mwalimu lisomwe kwa kipaza sauti kabla ya mbio. Naomba fimbo ikatazwe kabisa, na kila punda akaguliwe kabla ya kukimbia na baada ya kukimbia, na mshindi ambaye punda wake atakutwa amechubuka anyang'anywe zawadi. Kamati ya mbio ikikosa mtu wa kuifanya kazi hiyo, mimi nitakuwa pwani tangu alfajiri, na kiganja ninacho.