Mkunjo wa eliptiki unalinda nini pale Mwaloni?

Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, mama mmoja muuza dagaa alikuwa ametuma meseji ya sauti kwa WhatsApp kwenda kwa mwenye mtumbwi aliyeko kisiwani Ukara: bei ya gunia. Mtandao ulikatika, tiki moja ikakaa mpaka akaanza kuhangaika, kisha zikawa mbili. "Mwanangu, hapa katikati hakuna anayesikia bei yangu?" Bei ikivuja kabla ya mzigo kufika, kuna atakayemuwahi.

Nilimjibu hakuna, na nilikuwa na sababu. WhatsApp hufunga meseji kwa funguo zinazopatikana kwa Curve25519, mkunjo wa eliptiki (mstari uliopinda unaotokana na mlinganyo wa hesabu) ambao Daniel Bernstein aliuchapisha mwaka 2006. Wazo lenyewe la kufunga siri kwa mikunjo ya eliptiki lilitoka kwa Neal Koblitz na Victor Miller mwaka 1985, kila mmoja kivyake.

Chukua mkunjo wa kujifunzia, y² = x³ + 2x + 2, ukihesabu kwa masalio ya kugawanya kwa 17. Anza na nukta (5, 1). Ijumlishe na yenyewe kwa kanuni ya mkunjo, unapata (6, 3). Ongeza ile ya kwanza, (10, 6). Ongeza tena, (3, 1). Nukta zinarukaruka bila mpangilio wa kuonekana kwa macho. Idadi ya mara ulizojumlisha ndiyo ufunguo wa siri, na nukta ya mwisho ndiyo ufunguo wa wazi, ambao yeyote anaweza kuuona. Ukimpa mtu nukta ya mwisho na ya kuanzia, ukamuuliza umejumlisha mara ngapi, kwa 17 atajaribu moja moja na kupata. Kwa namba za biti 256 (yaani tarakimu 256 za sifuri na moja), kompyuta za leo zote zikiunganishwa haziwezi. Na hapo ndipo ninapoupenda mkunjo: RSA, mfumo uliotangulia, unahitaji ufunguo wa biti 3072 kutoa ulinzi huohuo. Simu ya bei nafuu kwenye mtandao dhaifu wa kisiwani inapumua.

Wanaoutilia shaka nao wana hoja nzito. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta, inayohesabu kwa kanuni za fizikia ya chembe ndogo sana, ikiwa kubwa vya kutosha, itauvunja mkunjo. Mashine hiyo haijapatikana, lakini anayerekodi mawasiliano leo anaweza kuyahifadhi akiisubiri. Ndiyo maana Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vipya vilivyokusudiwa kuhimili mashine hiyo. Katika kimoja, ML-KEM, ufunguo wa wazi wa kiwango cha kati ni baiti 1184. Wa Curve25519 ni 32. Wengine husema huo ni mzigo kwa watu wa bando dogo. Siafiki: meseji moja ya sauti inazidi hapo mara nyingi.

Kwangu mimi, kipimo ni umri wa siri. Bei ya dagaa ikifika kesho si siri tena, na mkunjo unamtosha mama yule. Faili la mgonjwa wa UKIMWI linapaswa kubaki siri maisha yake yote, hivyo hospitali isingoje: itumie mkunjo na kanuni mpya kwa pamoja, mmoja ukivunjika mwingine ubaki.

Uzembe nao huua hata hesabu nzuri. Mwaka 2010 ilibainika kwamba Sony, katika kuweka saini za kidijitali za mkunjo kwenye programu za mashine yake ya michezo, PlayStation 3, ilirudia namba iliyopaswa kubadilika kila saini. Ufunguo wa siri ukakokotolewa. Mkunjo wenyewe haukuguswa.

Yule mama ana simu ya pili, kitochi cha kutumia pesa kwa menyu za nyota. Huko namba ya siri haifungwi na mkunjo kutoka mwanzo hadi mwisho. Inategemea ulinzi wa kampuni ya simu. Na kwenye kitochi hichohicho alinionyesha meseji iliyoingia asubuhi: "Ile hela itume kwenye namba hii." Siku hiyo alikuwa anadaiwa kweli na mtu wa Ukara. Nikamwomba ampigie kwanza amsikie sauti. Akapiga, simu ikapokelewa, na mwenye mtumbwi akasema hajatuma meseji yoyote.